Visiwa na vinavyojulikana navyo: maswali tunayoulizwa sana hapa Marikiti

Mimi nauza viungo hapa Mombasa, Marikiti, na mtu akishapimiwa karafuu zake huwa haondoki, anauliza. Hizi ni za Pemba kweli? Vanila inatoka wapi? Wangazija wanalima nini? Maswali ni yale yale yanarudi kila siku, kwa hivo nimeyaweka hapa pamoja na majibu, na wale wanaoniuliza kwa simu nao watayapata hapa. Nimeshika zaidi visiwa vya bahari yetu hii ya Hindi manake ndo vinavyotuhusu, vya mbali nimevigusa pale tu vinapoungana na vyetu. Kuna jambo moja utaliona linajirudia: kitu ambacho kisiwa kinasifiwa nacho mara nyingi hakikuzaliwa hapo, kililetwa na chombo, alafu wenyeji wakakifanyia kazi mpaka kikawa chao. Mimi hiyo kazi ndo naipenda kuliko kitu chenyewe.

Hivi Mombasa ni kisiwa kweli? Mbona mimi naingia na basi moja kwa moja?

Ni kisiwa, tena cha haki. Ukitoka Nairobi unaingilia Makupa na hapo ushavuka maji, ila basi halisimami kwa hivo huoni. Ukienda Nyali na Malindi unavuka daraja, na ukienda Likoni na Diani unapanda feri, hapo ndo wageni wengi wanashtuka kumbe walikuwa kisiwani siku zote. Makupa zamani palijazwa udongo pakapita barabara juu na maji yakawa hayavuki, siku hizi pana daraja na maji yanapita chini yake, na hilo lanifurahisha sana kwa sababu mkono wa bahari ukizibwa ni mikoko na samaki wanaoumia. Wenye gari wanaotaka kwenda kusini bila feri wana njia ya Dongo Kundu.

Mombasa yenyewe inajulikana kwa nini?

Mgeni atakwambia Fort Jesus na zile pembe za ndovu za Moi Avenue. Pembe sawa, piga picha uende. Ngome ndo uingie ndani na uchukue muda wako. Wareno walianza kuijenga 1593, ramani ikachorwa na Muitaliano anaitwa Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaja kuizingira 1696 wakakaa nje karibu miaka mitatu mpaka Desemba 1698 ndo ikaanguka, na waliokufa mle ndani wengi waliuliwa na njaa na maradhi kuliko risasi. Waingereza nao walipokuja wakaifanya jela. Sasa ni makumbusho, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Lakini ukiniuliza mimi, Mombasa ni bandari kwanza, mambo mengine baadaye. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa 1331 akaandika kwamba watu wa kisiwa hiki wanakula ndizi na samaki, misikiti yao ni ya mbao na imejengwa vizuri, na nafaka hawalimi, wanaletewa kutoka pwani. Yaani karibu miaka 700 iliyopita tulikuwa tunaishi kwa kuletewa na vyombo na leo ni vivyo hivyo, mchele wa biriani unashuka Kilindini, viungo vyake vinatoka visiwa vitatu vinne tofauti, na pishi linaitwa la Mombasa. Na ni la Mombasa kweli, manake mkono uliolipika ni wa hapa. Kitu ambacho ni chetu kabisa na hatukitangazi vya kutosha ni mashairi, Muyaka bin Haji alikuwa mtu wa hapa hapa Mvita, akafa 1840, na mpaka leo kuna wazee wa Mji wa Kale wanaokujibu hoja kwa beti zake.

Lamu ni punda tu ama kuna kingine?

Punda wapo, tena wengi, manake vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba gari haliwezi kupita, kwa hivo saruji, mchanga, maji, takataka, vyote vinabebwa na punda. Kuna mpaka hospitali yao tangu 1987 na wanatibiwa bure. Naisema kwa sababu wengi wanawapiga picha tu na hawafikirii kwamba bila hao wanyama nyumba zile za mawe zisingejengwa wala kurekebishwa.

Mji wenyewe uliingia UNESCO 2001. Milango ya kuchonga, mabarazani watu wamekaa, Kiswahili chake chenye ladha yake. Na Maulidi, hapo mji unajaa mpaka watu wanalala vibarazani, wanakuja kutoka Tanga, Unguja, Ngazija, kote. Maulidi ya Riyadha, msikiti wa hapo Lamu, yalijengwa na Habib Swaleh, na yeye hakuzaliwa Lamu, alizaliwa Ngazija akaja Lamu kusoma akabaki. Maulidi yanayosomwa pale yametungwa Hadhramaut, Yemen. Sasa niambie hiyo ni sifa ya Lamu ama ya bahari nzima? Mimi nasema ni ya Lamu, kwa sababu Lamu ndo waliompa nafasi mgeni akafundisha watu ambao zamani hawakuruhusiwa kukaa mbele kwenye darsa.

Kufika huko kwa barabara unapita Malindi na Witu mpaka Mokowe alafu boti. Ukienda na ndege unashukia kisiwa cha Manda, unavushwa.

Na Pate? Hatukisikii sana.

Hatukisikii na ni makosa makubwa. Pale Shanga wachimbaji walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ni wa karne ya 8, ni katika ushahidi wa zamani zaidi wa Uislamu pwani yetu. Siyu walikuwa mafundi wa ngozi, mbao na kunakili vitabu. Na Mwana Kupona, yule aliyemtungia binti yake utendi wa wasia 1858, ni mtu wa Pate, mumewe ndo alikuwa Bwana Mataka wa Siyu. Kisiwa kikubwa kuliko Lamu na hakuna anayekitaja.

Karafuu ni za Pemba ama za Unguja?

Swali hili naulizwa kila siku ya Mungu. Zanzibar ni visiwa viwili vikubwa, Unguja na Pemba, na karafuu nyingi zinatoka Pemba. Mwanzo haikuwa hivyo. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzo wa karne ya 19 na Seyyid Said, sultani wa Oman, alipohamia Zanzibar akawashikilia wenye mashamba wapande kwa nguvu, na waliopanda, waliopalilia na waliochuma walikuwa watumwa, hilo tusilirukie tunapozisifu. Alafu 1872 kikapiga kimbunga kikubwa, mikarafuu ya Unguja karibu yote ikalala chini, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na kuanzia hapo Pemba ikashika nafasi ya mbele mpaka leo.

Karafuu ni tumba la ua, linachumwa kabla halijafunguka, likifunguka thamani imekwenda. Mchumaji anapanda juu mtini, na mkarafuu ni mrefu na matawi yake yanakatika vibaya, kila msimu wapo wanaoanguka wakavunjika na wengine wakafa. Zikishuka zinachambuliwa kwa mkono, karafuu huku na makonyo, yaani vikonyo vyake, huku, alafu zinaanikwa kwenye majamvi siku kadhaa na mvua ikija ghafla nyumba nzima inatoka mbio kuanua, watoto kwa wazee. Makonyo nayo hayatupwi, yanakamuliwa mafuta. Kwa hivo mtu akiniambia karafuu zako ghali namwonyesha moja kwenye kiganja namwambia hii imeshikwa na mikono mingapi mpaka kufika hapa.

Jingine ni kwamba kule mkulima anatakiwa auzie shirika la serikali, ZSTC, na kuzivusha kimagendo kuja upande wetu ni kosa kubwa. Mtu akikuletea gunia usiku anakwambia limetoka Pemba jana, usinunue.

Nitajuaje karafuu nzuri?

Iwe na kichwa chake. Iwe nzima, rangi ya kahawia iliyokolea na si nyeusi ya moshi. Iminye kwa ukucha utoke unyevu wa mafuta na harufu ipande. Kama bado una shaka tia chache kwenye gilasi ya maji, zenye mafuta zinasimama wima ama zinazama, zile zilizokwisha kukamuliwa zinaelea zimelala. Ukiziona zimelala zote rudisha.

Pemba kuna nini kingine?

Ng'ombe. Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, watu wanamchezea kwa nguo uwanjani, inasemekana ni kumbukumbu ya Wareno, na ng'ombe hauawi, anarudi zizini kwake. Alafu kuna popo wa Pemba, mkubwa, wa rangi ya shaba, haishi kwengine popote duniani. Miaka ya 1980 walikaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatwa misitu, vijiji kama Kidike vikaamua kuwalinda, na sasa ni maelfu. Nawapenda watu wa Kidike kwa hilo, walikuwa wanawala na wakaacha.

Sasa kama karafuu si za asili ya Zanzibar, asili yake wapi?

Maluku, Indonesia. Visiwa vidogo vidogo vyenye milima ya volkano, Ternate, Tidore na majirani zao, kwa karne nyingi hapakuwa na mkarafuu wowote duniani nje ya huko. Waholanzi walipovishika wakakata mikarafuu kwengine kote ili wabaki na soko peke yao, mpaka Wafaransa karne ya 18 wakaiba miche wakaipeleka Mauritius na Réunion, na huko ndo ikapata njia ya kuja Unguja.

Kungumanga nayo na basibasi, ambazo zote ni za tunda moja, asili yake ni visiwa vya Banda, huko huko. Waholanzi mwaka 1621 waliwaua na kuwahamisha karibu watu wote wa Banda kwa ajili ya kungumanga, nasema karibu wote, na wakaleta watumwa kuwalimia. Kisiwa kimoja kinaitwa Run kilikuwa kikidaiwa na Waingereza, na 1667 wakaandikiana mkataba, Waholanzi wakabaki na Run na Waingereza wakabaki na Manhattan, ambayo leo ni New York. Wakati ule wengi waliona Muholanzi ndo aliyepata. Kila nikimpimia mtu kungumanga ya biriani namsimulia hiki kisa.

Ukiacha fukwe, Unguja inajulikana kwa nini?

Mji Mkongwe, UNESCO tangu 2000. Beit al-Ajaib, jumba la sultani lililojengwa 1883 ambalo Desemba 2020 upande wake mmoja uliporomoka na sisi wa pwani tulilia kama tumefiwa. Urojo, hapa Mombasa pia tunakula lakini wa kwao ni wa kwao. Vita vya Agosti 1896 ambavyo havikufika hata saa moja, mizinga ya Waingereza ikalipiga kasri na watu kama 500 wakauawa ama kujeruhiwa, vitabu vinavitaja kwa ufupi wake tu na mimi sioni cha kuchekesha hapo.

Na taarab. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, alikuwa akiuza vyungu kwa miguu mpaka mjini huku akiimba kuita wateja, na 1928 akapelekwa Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Santuri zile zikauzwa pwani nzima mpaka hapa kwetu. Ala zake nyingi zilitoka Misri, Uarabuni na India, lakini mwanamke muuza vyungu ndiye aliyeifanya taarab iongee Kiswahili cha watu wa kawaida, ikatoka kwenye kasri ikaingia mitaani.

Kisha kuna mwani, na huu watalii wanaukanyaga bila kujua. Kilimo chake cha biashara kilianza mashariki ya Unguja 1989 kwa mbegu za kutoka Ufilipino, na wakulima wake wengi ni kina mama. Maji yakipwa wanaingia na vijiti na kamba, wanafunga vichipukizi kimoja kimoja, wanakaa wameinama juani masaa, na ule mwani ukikauka unasafirishwa ukatoe ute wa kugandisha vitu kama dawa ya meno na aiskrimu. Bei wanayolipwa ni ndogo sana ukilinganisha na kazi. Siku hizi bahari imepata joto na aina yenye bei nzuri zaidi inakufa, inabaki ile ya bei ya chini, kwa hivo baadhi yao wameamua kutengeneza wenyewe sabuni na mafuta ya mwani. Ukienda Paje ama Jambiani nunua hiyo sabuni kutoka mikononi mwao.

Kisiwa cha Mafia kina uhusiano na wale majambazi wa Italia?

Hapana, hakuna kabisa. Mafia ni papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote baharini, sisi huku tunamwita papa shilingi kwa yale madoa yake. Anakuja karibu na pwani takriban Oktoba mpaka Machi, anakula vidudu vidogo vya baharini, hana neno na mtu. Usimguse wala usimzibie njia.

Kilwa je? Si ni magofu tu?

Magofu, lakini ya nini? Dhahabu ya Zimbabwe ilikuwa ikishuka Sofala kule Msumbiji na kupitia Kilwa, na masultani wa Kilwa wakapiga sarafu zao wenyewe. Ibn Battuta baada ya kutoka hapa Mombasa akafika Kilwa akasema ni katika miji mizuri kabisa na iliyojengwa vizuri. Msikiti Mkuu wake na kuba zake bado unaingia ndani unasimama, na kasri la Husuni Kubwa liko ukingoni mwa bahari na birika lake la kuogelea. Sarafu za Kilwa zimeokotwa mpaka visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, mwanajeshi mmoja alizikuta mchangani 1944, zilifikaje huko ni swali lingine. Wareno waliupiga mji 1505, na mwaka ule ule wakaja kuichoma Mombasa, kwa hivo sisi na Kilwa tuna msiba mmoja.

Wangazija tunaishi nao hapa miaka yote, visiwa vyao vinatoa nini?

Harufu. Langilangi, ua la manjano lenye petali kama vidole virefu, linachumwa alfajiri na mapema manake jua likipanda harufu inapungua, alafu linapikwa kwa mvuke mafuta yanatoka, na manukato ya bei kubwa ya Ufaransa yamo na mafuta hayo. Komoro ni katika wauzaji wakubwa kabisa duniani wa mafuta ya langilangi. Wana vanila na karafuu pia. Wana mlima Karthala, volkano iliyo hai, mita 2,361. Na wana gombessa, samaki ambaye wataalamu walishika kwamba alikwisha zamani za dinosaria, akavuliwa mmoja Afrika Kusini 1938 dunia ikashangaa, wa pili akapatikana Komoro 1952, na wavuvi wa kule wakasema sisi huyu tunamjua siku zote, nyama yake si nzuri. Hapo najivunia wavuvi, wazungu wanatafuta miaka 14 na mtu wa Nzwani anamrudisha baharini.

Wenyewe wako visiwa vinne, Ngazija, Nzwani, Mwali na Maore. Vitatu vya kwanza ndo nchi ya Komoro tangu 1975, Maore ikabaki na Ufaransa, na kati ya Nzwani na Maore watu wengi wamekufa maji kwenye vyombo vidogo wakitafuta maisha upande wa pili.

Vanila mbona ghali hivi?

Kwa sababu kila ua linashikwa na mtu, nasema kila ua. Vanila asili yake ni Mexico na kule kuna nyuki wanaochavusha, ilipoletwa visiwa vya bahari yetu mmea ulistawi ukatoa maua lakini tunda hakuna, miaka ikapita. Mwaka 1841 kisiwa cha Réunion, mtoto mtumwa wa miaka 12 anaitwa Edmond alichukua kijiti akainua kale kangozi ndani ya ua, akabana kwa kidole gumba, tunda likashika. Njia yake ndiyo inayotumika mpaka leo Madagascar, Réunion, Komoro, Uganda, popote. Kuna wataalamu wa Ulaya walijaribu kumnyang'anya sifa hiyo. Utumwa ulipofutwa 1848 akapewa jina la Albius, na 1880 akafa maskini wakati matajiri wa kisiwa chake wametajirika kwa kidole chake.

Madagascar ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya vanila ya dunia, inakadiriwa kama asilimia 80, na nyingi inatoka kaskazini mashariki, Sambava na Antalaha. Ua linafunguka asubuhi moja tu, ukilikosa basi. Kisha tunda linakaa miezi kama tisa kwenye mti, likichumwa linachovywa maji moto, linafunikwa blanketi litoe jasho, linaanikwa na kukandwa miezi mingine. Mwaka 2018 kilo ilipita dola 500, na wakulima wakawa wanalala shambani kulinda, wengine wanachora alama zao kwenye maganda yakiwa bado mabichi ili mwizi ajulikane. Baadaye bei ikaporomoka na wengi wakabaki na hasara. Ile ya chupa ya mia ya supamaketi ni harufu iliyotengenezwa kiwandani, keki itanukia lakini usiseme umekula vanila.

Wale kobe wakubwa wa Haller Park wametoka wapi?

Asili yao ni Aldabra, kisiwa cha Shelisheli, na huko wako kama laki moja. Hapa kwetu Bamburi aliyejulikana dunia nzima ni Mzee, yule ambaye kiboko mdogo Owen aliyeachwa peke yake wakati wa tsunami ya Desemba 2004 alimfuata akamfanya mzazi wake. Walioko Changuu karibu na Unguja nao waliletwa kutoka Shelisheli 1919, na watu wengi wanadhani ni wa asili ya Zanzibar.

Shelisheli pia ina ile nazi ya mapacha, koko de mer, mbegu kubwa kuliko zote duniani, inaota yenyewe Praslin na Curieuse tu na moja inachukua miaka sita saba kukomaa. Zamani zilikuwa zikiokotwa Maldivi zimeletwa na mawimbi na watu wakaamini mti wake uko chini ya bahari. Ukiletewa mbegu yake uliza kibali, bila kibali imeibiwa.

Na yule ndege wa Mauritius?

Dodo. Waholanzi walifika 1598 na kabla karne ya 17 kwisha hakuna hata mmoja aliyebaki, aliliwa na watu na mayai yake yakaliwa na panya, nguruwe na nyani walioletwa na meli. Ndo upande mwingine wa vyombo, havileti viungo peke yake. Mauritius iliyobaki ni ya miwa na ya wajukuu wa vibarua wa Kihindi.

Ni kweli Maldivi itazama?

Ardhi yake karibu yote haifiki hata mita tatu juu ya bahari, kwa hivo bahari ikipanda wao ndo wa kwanza. Zamani utajiri wao ulikuwa kauri, zile simbi ndogo, zikisafirishwa kuwa pesa Bengal mpaka Afrika Magharibi. Ibn Battuta aliwahi kuwa kadhi wao.

Visiwa vya ziwani mbona huvitaji?

Mimi ni mtu wa bahari, lakini Migingo ninaijua kama kila Mkenya, kile kijiwe cha Ziwa Victoria kilichojaa mabati ambacho sisi na Uganda tumekigombania tangu 2008. Kinagombewa kwa sababu ya samaki, mbuta walioko majini hapo. Na mbuta naye ni mgeni, alitiwa ziwani miaka ya 1950, akawala samaki wengi wa asili, akaleta pesa na viwanda.

Kisiwa kikijulikana kwa kitu kimoja si ni bahati?

Ni bahati mpaka siku kitu kinapokatika. Grenada, kule Karibi, wameweka kungumanga mpaka kwenye bendera yao, na 2004 kimbunga Ivan kikaangusha sehemu kubwa ya mikungumanga, na mkungumanga unachukua miaka mingi kuzaa vizuri. Unguja 1872 ilikuwa vivyo hivyo. Pemba bei ya karafuu ikishuka, harusi zinaahirishwa. Mombasa nayo kila kitu kinapogeuzwa kuwa utalii, mwaka ule wa korona tuliona wenyewe, mahoteli yamefungwa na vijana wa pwani nzima wamekaa. Kwa hivo nikisikia kijana wa Pemba amepanda pilipili manga na hiliki kando ya mikarafuu, ama kina mama wa mwani wamefungua kiwanda cha sabuni, nafurahi zaidi kuliko nikisikia hoteli mpya imefunguliwa.

Niko Mombasa, nataka kuanza kutembea visiwa, nianze wapi?

Wasini. Ni karibu, hakihitaji pasipoti. Unavuka Likoni, unapanda matatu za kusini mpaka Shimoni, hapo kwanza ingia pango ambalo inasimuliwa watumwa walikuwa wakifungwa kungojea vyombo, kisha vuka na boti. Maji ya Kisite ni hifadhi tangu miaka ya 1970, pomboo unawaona, matumbawe unayaona, na kijijini kina mama wana njia yao ya mbao inayopita kwenye matumbawe makavu na mikoko, lipa kiingilio pale manake pesa inabaki kijijini. Nenda wakati wa kaskazi, kati ya Oktoba na Machi, kusi likichacha mwezi wa sita na wa saba bahari inapiga na hutaona kitu. Vaa koti la kujiokoa hata kama nahodha hajavaa. Anayetaka kuendelea mpaka Pemba njia ya kawaida ni Lunga Lunga, Tanga, alafu meli, uulize ratiba kwanza kabla ya kutoka nyumbani. Na Wasini maji matamu yamekuwa shida miaka mingi, kwa hivo beba yako ya kunywa, na chupa urudi nayo.